Kengele na Gauni la Bi Zubeda

Kila siku ya shule Vaileth aliamka saa kumi na moja alfajiri, na kabla hata ya kupiga mswaki alikuwa na kazi ya kuwa masikio ya mama yake. Alifungua mlango wa uani, akasikiliza kama maji ya bomba yameanza kutoka na kama muuza maziwa anapita. Kisha alimgusa mama begani na kumwonyesha kwa vidole kwamba maji tayari, maziwa bado.

Mama yake, Genoveva, alikuwa fundi cherehani anayejulikana Kimara nzima. Alikuwa hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio miaka minne iliyopita, lakini ulimi haikuugusa. Aliongea kama watu wote, tena kwa sauti ya juu kwa kuwa hakujisikia, na ukisimama mbele yake ukasema taratibu, aliyasoma maneno midomoni mwako bila kukosea. Baba Vaileth alikuwa dereva wa lori la Tunduma, mtu wa kuonekana nyumbani siku mbili kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na watu wawili na jozi moja ya masikio, nayo ilikuwa ya mtoto wa darasa la sita.

Tabu ilikuwa mchana, Vaileth akiwa shuleni. Mteja alifika getini akapiga hodi mara tatu kama adabu inavyotaka, hakuitikiwa, akaondoka. Kumbe mama yuko ndani, hatua kumi tu, ameinamia cherehani. Wengine walikwenda zao wakisema kwamba Mama Vaileth siku hizi anaringa.

Ndipo alipoletwa Kengele. Alikuwa mbwa jike wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, aliyeokotwa karibu na machinjio ya Vingunguti na watu wa kituo kimoja kinachotunza mbwa wa mitaani. Mwalimu wake alikuwa mzee mstaafu, Afande Audax, aliyewahi kufundisha mbwa wa polisi. Afande alisema mbwa huyu ana kichwa chepesi na anaweza kumsaidia mtu asiyesikia. Mtu akipiga hodi, Kengele angemwendea mama, angemgusa goti kwa pua, kisha angemwongoza mpaka getini.

Mtaa ulicheka. Kimara mbwa ni mlinzi, mchana anafungiwa bandani na usiku anafunguliwa abweke. Huyu alilala sebuleni, habweki, tena anafuatana na mwenye nyumba kama mgeni wa heshima. Watu walimtazama kwa jicho la pembeni. Mwenye genge la mboga aliuliza mbwa aliyekulia kwenye utumbo wa machinjioni atafundishwa adabu gani. Bi Zubeda, jirani wa ukuta kwa ukuta, hakucheka wala hakugomba. Alisema tu kwamba yeye ni mtu wa swala, na mate ya mbwa kwake ni najisi, basi wamwekee mipaka. Mama Vaileth alikubali mara moja, na tangu siku hiyo nguo za Bi Zubeda na za wateja wengine Waislamu zilifungiwa kabatini.

Afande alimpa Vaileth masharti machache. Kila siku saa kumi jioni, mara kumi, apige hodi getini. Mbwa akienda akamgusa mama goti kwa pua, si kwa meno, apewe dagaa mmoja. Zoezi likiisha, Vaileth aweke alama ya vema kwenye daftari lililoning'inia ukutani.

"Angalia sana, binti," alisema Afande. "Unachomtuza ndicho anachojifunza. Mbwa hana habari na kile ulichokusudia."

Vaileth aliitikia, "Sawa, Afande," na wiki mbili za kwanza alitimiza kila kitu. Lakini kupiga hodi mara kumi nyumbani kwenu wenyewe kunachosha, na saa kumi jioni ndiyo saa ya rede, mchezo wa kukwepa mpira. Rafiki yake Anjelina na wasichana wengine walicheza ndani ya pagala moja bondeni, nyumba iliyoishia kwenye kuta, ambayo mwenyewe hakuonekana tena. Vaileth alisikia vicheko vyao mpaka kwao. Akamwambia mama kwamba zoezi sasa atalifanyia kwa kina Anjelina, ili Kengele azoee na magoti ya watu wengine, akachukua na kopo la dagaa.

Kule pagalani alimpa Kengele kitambaa chakavu cha kitenge, alichokiokota kwenye benchi la mama, avutane nacho. Kengele alipochoka alikileta akakiweka juu ya lile tofali ambalo Vaileth hukalia, naye Vaileth akamtupia dagaa ili amwache acheze kwa raha. Ikawa hivyo kila jioni. Aliporudi nyumbani aliweka vema kwenye daftari. Mama akiiona ile alama alifurahi, akampapasa kichwa. Siku ya kwanza Vaileth aliona aibu. Siku ya tano alikuwa ameshazoea.

Kisha yakaja majaribio ya nusu muhula, na mwalimu akawa anawabakiza darasani mpaka saa kumi na moja. Rede ikafa, zoezi likafa, ila vema hazikufa. Vaileth aliziweka daftarini kila usiku kabla ya kulala, na mama, aliyezidiwa na kazi za Idi, hakuuliza.

Ilikuwa katika majuma hayo ya majaribio ndipo nguo zilipoanza kupotea.

Kwanza kilipotea kipande cha kitenge cha kijani. Mama alidhani amekichanganya na vingine. Siku mbili baadaye ulipotea mkono wa gauni, mkono mmoja, ulioshakatwa tayari kushonwa. Mama alitafuta chini ya meza, nyuma ya cherehani, mpaka ndani ya ndoo ya unga. Mwizi gani anaiba mkono mmoja wa gauni? Alilazimika kununua kitambaa kingine na kumwomba mteja radhi.

Vaileth hakuona ajabu yoyote. Yeye alishapata jibu, na jibu lake lilikuwa na jina, Rosalia.

Rosalia alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Newala, aliyekuja kujifunza ushonaji kwa mama wiki chache baada ya Kengele kuletwa. Alikaa Buguruni kwa mjomba wake, mchonga vinyago. Alikuwa mpole, mchapakazi, na kabla ya hapo Vaileth alimpenda sana. Lakini shaka ikishaingia moyoni, hata wema wa mtu huonekana mtego. Rosalia alikuja na mfuko mkubwa wa kitambaa na kuondoka nao umetuna. Ana nini mle? Alipopigiwa simu alitoka nje na kunong'ona. Ananong'ona nini, katika nyumba ya mtu asiyesikia? Saa kumi jioni, kwa maelezo ya mama, alikuwa uani peke yake, akipiga nguo pasi ya mkaa. Kwa nini uani, kwa nini peke yake? Kwamba pasi ya mkaa haipigwi sebuleni, hilo Vaileth hakulifikiria. Alikumbuka methali waliyofundishwa darasani, kikulacho ki nguoni mwako, akajiona mtu wa akili sana.

Alimnong'oneza Anjelina. Anjelina alimwambia mama yake, na mama yake alikuwa mteja wa genge. Kufikia Jumatano mwenye genge alimhesabia Rosalia chenji huku amemkazia macho mikono, na Rosalia hakujua kwa nini.

Idi ilikuwa imekaribia. Alhamisi asubuhi mama alimaliza gauni la Bi Zubeda, la rangi ya zambarau, lenye nakshi kifuani, la kuvaa katika swala ya Idi. Alimkabidhi Vaileth alifungie kabatini. Vaileth alikuwa amechelewa shule na ufunguo wa kabati haukuonekana upesi. Akaliweka gauni juu ya benchi, akakimbia.

Jioni aliporudi alimkuta mama amesimama katikati ya chumba, mikono kichwani. Rosalia alikuwa amepiga magoti akitazama chini ya benchi. Gauni halikuwepo.

"Vaileth, uliliweka kabatini?" mama aliuliza.

Palikuwa na jibu moja la kweli, na lilikuwa jepesi. Lakini Vaileth aliona namna mama atakavyomtazama akilisikia, na ulimi ukamtangulia. Alisema aliliweka. Kisha, kwa kuwa uongo mmoja haukai peke yake, akaongeza wa pili. Alisema asubuhi, akitoka, alimwona dada Rosalia akitia kitu cha zambarau kwenye mfuko wake.

Rosalia aliinuka polepole. Hakuambiwa, aliuchukua mfuko mwenyewe akaumwaga wote sakafuni. Palikuwa na kanga, kopo la chakula na mabaki ya vitambaa ambayo mama mwenyewe humpa ajifunzie kushona. Zambarau hamna. Vaileth akasema labda ameshampa mtu. Mama alizitazama nyuso zao, huyu na huyu, akisoma midomo, na ilikuwa dhahiri kwamba hajui pa kusimama. Mwisho alisimama upande wa mwanawe.

Alimwambia Rosalia apumzike nyumbani kwanza mpaka ukweli ujulikane.

"Mama, mie sijachukua kitu," alisema Rosalia, akijitahidi kuonekana midomo vizuri. "Ila huyu ni mtoto wako. Siwezi kushindana naye."

Aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akaaga, akaondoka. Vaileth alikuwa ametegemea kufurahi. Badala yake alikosa hamu ya kula, na ugali wake akampa Kengele.

Bi Zubeda aliambiwa habari ya gauni siku ileile. Alisikitika, akasema kilichoibwa kimeibwa, atavaa la mwaka jana. Mtaani kote neno lilikuwa moja, kwamba yule msichana wa Buguruni ni mwizi.

Jumamosi Vaileth alikaa barazani akimenya viazi. Majaribio yalikuwa yamekwisha, Rosalia hayupo, na mama alikuwa ndani akishona huku ameupa mgongo mlango na benchi. Ilipofika saa kumi, Kengele aliamka mkekani. Mbwa hana saa, lakini saa kumi aliijua. Alinyoosha miguu, akaenda mpaka kwenye benchi, akang'ata pindo la kitambaa cha pazia, akakivuta taratibu, akatoka nacho akipita kwenye upenyo wa geti bila haraka, kama mtu anayekwenda kazini.

Vaileth aliacha kisu na viazi. Alimfuata kwa mbali, na miguu yake ilishajua njia kabla yeye hajataka kuijua. Kengele aliteremka bondeni, akaingia pagalani, akaweka kile kitambaa juu ya tofali. Kisha akaketi, akageuza kichwa, akangoja dagaa wake.

Nyuma ya tofali kulikuwa na kitenge cha kijani, mkono mmoja wa gauni, na gauni la Bi Zubeda. Lilikuwa na matope pindoni na vitundu vinne vya meno.

Vaileth alikaa chini. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na mbwa mtiifu aliyefanya jambo moja ambalo amefundishwa kwa bidii, na mwalimu wake alikuwa yeye. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Lakini aibu ina dada yake, ujanja. Mara likamjia wazo kwamba aende na nguo hizi nyumbani aseme, "Mama, nimeona dada Rosalia alikozificha." Kila mtu angeamini, maana walikwisha kuamini. Wazo la pili lilikuwa laini zaidi. Alifue gauni kwa sabuni, azibe vitundu kwa sindano, kisha aseme limepatikana nyuma ya kabati. Nani angejua?

Alilibeba mpaka kwenye bomba la bondeni na kulitia maji. Matope yalianza kutoka. Ndipo alipomwona Bi Zubeda akilini, amesimama katika safu ya swala asubuhi ya Idi na gauni lililokuwa kinywani mwa mbwa, hajui. Bi Zubeda, aliyemletea uji mama siku zote za ile homa. Na alimwona Rosalia akiokota kopo lake sakafuni. Machozi yakamtoka. Alizima maji, akakunja gauni likiwa bichi hivyohivyo, akapanda kilima.

Alimgusa mama begani, akasimama mbele yake, akasema taratibu ili midomo isomeke. Alieleza rede, pagala, dagaa na vema za uongo. Alieleza benchi. La mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. "Sikumwona dada Rosalia akitia kitu mfukoni. Nilitunga."

"Rudia," alisema mama. Vaileth akarudia. Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alijitanda kanga, akamshika mkono, wakaenda kupiga hodi kwa Bi Zubeda.

Bi Zubeda aliitikia shikamoo ya Vaileth, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuligusa gauni, aliomba liwekwe kwenye beseni. Kisha alisema, "Ungelifua ukanyamaza, ningelivaa. Nakushukuru kwa hilo. Nguo hii kwetu ina dawa. Nitaiosha mara saba, moja kwa udongo, itatwaharika, nami nitaivaa. Sasa niambie, mwanangu, jina la yule binti mlilolipaka uchafu mtaa mzima, utaliosha kwa kitu gani?"

Vaileth alilitazama gauni kwenye beseni.

"Anza kwa kinywa kilekile kilicholichafua," alisema Bi Zubeda. "Nenda ulikopita."

Jumapili baada ya ibada, mama na Vaileth walikwenda Buguruni. Rosalia aliwakaribisha, akawapa viti, akawaletea maji ya kunywa kama vile hakuna lililotokea, na upole huo ulimuuma Vaileth kuliko tusi. Mama aliomba radhi mwenyewe, mtu mzima mbele ya msichana, akisema kosa lake lilikuwa kuhukumu kabla ya kuchunguza. Vaileth naye alipiga magoti akaomba.

Rosalia alisema amesamehe. Lakini kurudi Kimara hakukubali papo hapo. Alisema hawezi kupita mbele ya lile genge watu wakimtazama mikono. Vaileth awaambie kwanza wao, yeye mwenyewe, si mama yake.

Ilimchukua siku tatu. Alianza kwa Anjelina, ambaye aliguna na kutazama pembeni. Akaenda kwa mama yake Anjelina, kisha gengeni, ambako alisema maneno yake mbele ya wateja wanne. Aligundua kwamba kusema "nilisema uongo" mara ya kumi si rahisi kuliko mara ya kwanza. Mama mmoja alimwambia kwamba habari ile ameshampa dada yake wa Mbezi, na wa Mbezi huenda amempa mwingine. Vaileth alimsihi ampigie simu. Yule mama akapiga, lakini hakuna aliyeweza kusema neno lile limefika wapi.

Alhamisi Rosalia alirudi. Alikwenda gengeni kununua vitunguu, na mwenye genge akamwongezea kitunguu kimoja cha radhi, bila kumtazama mikono.

Afande Audax alipoelezwa yote hakumlaumu mbwa. Alichukua daftari akachana kurasa zote zenye vema, akampa Vaileth daftari jipya, akasema waanze tena kwenye namba moja. Safari hii Vaileth hakwenda popote saa kumi. Alipiga hodi mara kumi, kila siku, dagaa mmoja mmoja. Ilichukua muda mrefu kuliko mwanzo, maana kufundisha ni kazi, na kufuta lililofundishwa ni kazi mbili. Siku ambayo Kengele alisikia hodi ya mteja wa kweli, akapita benchi bila kugusa kitu, akamgusa mama goti kwa pua na kumwongoza mpaka getini, Rosalia ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Jioni ile mama alizima taa ya cherehani, akamwita mwanawe akae karibu, mahali anapoweza kumwona midomo.

"Huyu mbwa hakukosea hata siku moja," alisema. "Alifanya alichofundishwa, na wewe ukaandika ambacho hukufanya. Uvivu wako ulizaa uongo, uongo ukatafuta wa kumbebesha. Tangu leo, ukimshuku mtu, chunguza kwanza, na uanze kujichunguza mwenyewe. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo."

Vaileth aliitikia kwa kichwa. Mama alimshika kidevu, akamwinua uso.

"Miaka minne sisikii kitu, mwanangu, na sijamdhulumu mtu. Nilimdhulumu Rosalia siku niliyokusikiliza wewe."